Daraja la "hatari kubwa" halimaanishi bwawa linapasuka

Kila mvua zinapoanza Lindi, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: bwawa la mtu binafsi likipewa daraja la "hatari kubwa", basi liko karibu kupasuka. Sivyo. Daraja hilo hupima madhara iwapo tuta, yaani ukuta unaozuia maji ya bwawa, litabomoka: nani anaishi bondeni, nini kitasombwa. Tuta imara lenye kijiji chini yake hupata daraja la juu. Bovu lililo porini, la chini. Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa.

Uimara hujulikana kwa ukaguzi. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Muulizeni mmiliki ripoti ya ukaguzi. Mkiona nyufa, maji ya tope yakivuja chini ya tuta, au njia ya maji ya ziada imeziba, mwambieni mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.