Selimundu: yanayosemwa wodini na yaliyo kweli

Dhana: Mwenye selimundu hapati malaria kali.

Tunaanza na hili kwa sababu linaua watoto. Kinga aliyoieleza Anthony Allison mwaka 1954, baada ya utafiti wake Uganda, ni ya mtu wa AS, yaani aliyerithi jeni moja ya S, ile ya selimundu, na nyingine ya kawaida. Mtoto wa SS, aliyerithi jeni mbili za S na ndiye mwenye ugonjwa, hana bahati hiyo. Chembe zake nyekundu huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, na malaria ikiingia huzidi kuvunjika, himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, ikaporomoka upesi. Huyu ndiye anayehitaji zaidi chandarua chenye dawa na dawa ya kuzuia malaria.

Dhana: Wengu usipopapasika, uko salama.

Kwa mtoto wa SS mara nyingi maana yake ni kwamba umeshakufa. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo ya wengu tena na tena, na kwa wengi, wanapofika miaka 5, umesinyaa na kubaki kovu. Wengu ndio unaochuja bakteria wenye ganda kama nyumokokasi, hivyo mtoto anaweza kuamka mzima na jioni akawa mahututi kwa maambukizi ya damu. Kwa hiyo hupewa penisilini V ya kumeza mara mbili kwa siku: miligramu 125 kabla ya miaka 3, kisha 250 hadi atimize 5, pamoja na chanjo ya nyumokokasi. Homa ya nyuzi 38.5 ni dharura, haisubiri asubuhi.

Kabla ya kusinyaa kuna hatari ya kinyume: wengu hunasa damu na kuvimba ghafla, himoglobini ikashuka kwa gramu 2 au zaidi kwa desilita. Mfundishe mama kupapasa chini ya mbavu za kushoto kila siku. Ukiwa mkubwa kuliko jana na mtoto amepauka, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Dhana: Damu imepungua, mpe vidonge vya chuma.

Damu hii inavunjika. Chuma chake hubaki mwilini. Kila uniti ya damu anayoongezewa huleta miligramu 200 hadi 250 nyingine, na mwili hauna njia ya kuzitoa. Uboho unaotengeneza chembe mfululizo unahitaji asidi ya foliki. Mgonjwa hupewa chuma pale tu vipimo vimethibitisha kwamba kimepungua.

Dhana: Kipimo cha haraka cha damu kupinda kikiwa chanya, mtoto anaumwa.

Hakitofautishi AS na SS. Tena, kabla ya miezi 6 kinaweza kuwa hasi kwa mtoto wa SS, kwani himoglobini ya kichanga bado ni nyingi. Jibu hutolewa na elektroforesi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini.

Dhana: Wazazi wa AS wakishapata mtoto mmoja wa SS, watatu wanaofuata watakuwa salama.

Kila mimba ina uwezekano wake wa asilimia 25 wa kuleta mtoto wa SS, hata ya nne.