Mguu mmoja mrefu, mgongo ndio unauma?

"Nyonga yako imepanda upande mmoja, ndiyo maana mgongo hauponi." Wengi wenye maumivu sugu wameambiwa hivyo, wakalazwa kifudifudi, visigino vikalinganishwa, mgongo ukakandamizwa hadi ukalia ko! Eti mfupa umerudi mahali pake.

Haukuwa umetoka. Mlio ule ni wa gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo. Nafuu huja, ndiyo, ila mara nyingi haidumu. Na karibu kila mtu ana mguu uliomzidi mwenzake kwa milimita chache. Mabega nayo, jitazame kwenye kioo. Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda na miguu isiyolingana, na bado mwaka 2009 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Tofauti ikifika sentimita 2 au zaidi, hiyo yafaa ipimwe. Chini ya hapo, kinachosaidia zaidi ni kutembea, mazoezi ya kukaza misuli na kutokaa mkao mmoja kutwa, hata ule unaoitwa mzuri. Ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma ni habari nyingine: hospitali, siku hiyo hiyo.