Maji machafu ya zizi hayawi salama kwa kukaa siku tatu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wafugaji: maji yaliyooshea zizi la ng'ombe wa maziwa yakikaa siku tatu, yakatulia na kuacha kunuka, vijidudu vimekufa na unaweza kumwagilia mboga. Si kweli. E. koli na salmonela, bakteria wa kinyesi wanaoweza kuleta ugonjwa wa kuhara, huweza kuishi humo wiki kadhaa, hata miezi maji yakiwa ya baridi. Kinachotulia ni uchafu mzito. Bakteria wengi hushuka nao hadi kwenye tope la chini, na pampu ikiwashwa hulivuruga na kuwapandisha tena. Isitoshe, kinyesi kibichi kinachoingia kila siku huanzisha hesabu ya siku upya.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani bakteria hupungua kweli kadiri muda unavyopita, na jua kali husaidia. Ila kupungua si kwisha, na harufu haipimi vijidudu.

Ukitaka uhakika, chukua sampuli kwenye chupa tasa (isiyo na vijidudu) ya maabara, iweke kwenye barafu, ifikishe ndani ya saa 24 na uombe hesabu ya E. koli kwa mililita 100. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze. Mboga zinazoliwa mbichi zisiguswe kabisa na maji hayo. Yapeleke kwenye majani ya malisho, mbali na kisima, na mifugo isiingie hapo kwa wiki kadhaa.