Nini kinamfanya mama wa Kithai aliye ughaibuni akapime matiti, au asiende

Skriningi ya saratani ya matiti ni kumpima mtu ambaye haumwi chochote, hana uvimbe wala maumivu, ili kama kuna kitu kinaanza kionekane kabla hajakigusa mwenyewe. Kipimo chenyewe ni mamogramu, yaani eksirei ya titi, linabanwa kidogo kati ya vibao viwili basi. Marekani tangu 2024 jopo la wataalamu linashauri wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapime kila baada ya miaka 2.

Sasa tukiuliza vinavyoathiri skriningi kwa mama wa Kithai aliye ughaibuni, ni yale yote yanayomsukuma aende au yanayomkwamisha. Wengi wanakimbilia kusema akina mama hawa hawana elimu, mi naona hapo tunawaonea. Thailand ina huduma ya afya kwa wote toka 2002, watu wanakwenda hospitali vizuri tu, ila kwa matiti mkazo mkubwa ulikuwa kujipapasa mwenyewe nyumbani, hakuna mazoea ya kila mama kuitwa mamogramu, kwa hiyo akihamia Los Angeles au Sydney anaona ajabu kuambiwa akapime wakati yuko fiti kabisa.

Halafu kuna hela na muda. Australia kipimo ni bure kwa wanawake kuanzia miaka 40, na wa 50 hadi 74 wanaalikwa kabisa, lakini mwaliko ukija kwa Kiingereza na yeye anashinda jikoni kwenye mgahawa au anafanya masaji mpaka usiku, siku asiyofanya kazi halipwi, unadhani atachagua nini? Marekani ndo ngumu zaidi, sheria ya 1996 inawafanya wengi wenye grini kadi (kibali cha kuishi moja kwa moja) wasubiri miaka 5 kabla ya kupata Medicaid ya serikali kuu, yaani bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, japo majimbo mengine yanaziba hilo pengo kwa hela yao.

Aibu ipo pia, kuvua mbele ya mwanaume mgeni si mchezo, ndo maana akijua anayepima ni mwanamke inasaidia sana. Wengine wanasema ugonjwa ni karma, yaani malipo ya matendo ya nyuma, ila usidhani karma inamfunga kila mtu, kuna wanaosema hivyohivyo na kupima wanapima.

Kinachosukuma kuliko vingi ni daktari kumwambia waziwazi "nenda kapime". Shida ni kwamba Wathai wana ule uzito wa kutotaka kumsumbua mtu, hasa mkubwa, mama anaitikia kwa kichwa tu hata kama hajaelewa neno. Ulaya wengi wamefika kwa ndoa, mume ndo anatafsiri, na kuna maswali ya mwili hamuulizi daktari mbele ya mume. Marekani hospitali inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa itoe mkalimani bure, ila mara nyingi mpaka aombe, na kuomba ndo kulekule kusumbua watu.