Zamu ya kuchagua si chipukizi

Juni 2025, Memphis Grizzlies walipompeleka Desmond Bane kwa Orlando Magic, nilisikia kauli ile ile kutoka kwa watu wasiopungua watatu, wote wapenzi wa kweli wa mpira wa kikapu: Memphis wametoa mchezaji aliyethibitika, wamepewa chipukizi wanne. Mabishano yakawaka papo hapo. Upande mmoja ulisema timu isiyoingiza damu changa inajichimbia kaburi, upande wa pili ukajibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, wala hakuna aliyeuliza hao chipukizi wanne ni akina nani. Hawakuwapo. Wachezaji waliokwenda Memphis katika biashara hiyo walikuwa wawili: Kentavious Caldwell-Pope, mwenye umri wa miaka 32 na ubingwa mara mbili, na Cole Anthony, aliyekwisha kucheza misimu mitano. Vingine vilivyotolewa ni zamu nne za kuchagua za raundi ya kwanza, pamoja na haki ya kubadilishana zamu katika mwaka mmoja wa baadaye, yaani kuchukua ya mwenzako ikiwa bora kuliko yako.

Zamu ya kuchagua ni haki ya timu kuita jina la mchezaji mmoja katika drafti, yaani mgawanyo wa kila mwaka ambamo timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa raundi mbili, zilizofanya vibaya zikipewa nafasi ya kutangulia. Chipukizi ni kijana mwenyewe, mwenye jina, kimo, na magoti yake mawili. Mchezaji aliyethibitika ni yule ambaye uwezo wake umeonekana katika ligi yenyewe, msimu baada ya msimu, na si lazima awe mzee. Hivyo ni vitu vitatu, na swali la kama timu imtoe aliyethibitika ili ipate kisichothibitika halina jibu moja, kwa sababu "kisichothibitika" kinaweza kuwa kijana unayemwona au haki ambayo bado haijaitiwa mtu.

Nadhani mkanganyiko huu umetokana na neno drafti lenyewe. Kiswahili kilikuwa na drafti muda mrefu kabla ya watu kuanza kufuatilia NBA: ni ule mchezo wa kete juu ya ubao wa miraba. Neno la Kiingereza tulilolichukua kwa ajili ya mchezo huo, na lile linalotumika kwa uchaguzi wa wachezaji, yana shina moja lenye maana ya kuvuta. Kwenye ubao, kilichovutwa ni kete, kwa kuwa neno hilo liliwahi kumaanisha hatua moja ya kusogeza kete. Katika uandishi, kilichovutwa ni mstari, ndiyo maana Waingereza huita rasimu kwa neno hilo hilo. Jeshini, wanaovutwa ni watu: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sheria ya mwaka 1863 iliwavuta wanaume kwenda vitani kwa kura, nao walioitwa hawakuulizwa kama wanapenda. Maana hii ya kijeshi ndiyo iliyokwenda michezoni. Ligi ya mpira wa Kimarekani ilifanya drafti yake ya kwanza mwaka 1936, na ligi iliyokuja kuwa NBA ikaiga mwaka 1947.

Kwa hiyo neno la Kiingereza linamtazama zaidi anayevutwa, na sisi tulipolipokea tukalitumia kwa kila kitu kilicho karibu nalo. Tunasema "drafti ya 2025" tukimaanisha tukio, "yule ni drafti ya Boston" tukimaanisha mtu, na "wamepata drafti nne" tukimaanisha haki. Msikilizaji wa sentensi hii ya tatu, akitaka kuisema kwa Kiswahili kizuri, anaandika chipukizi wanne, na hapo ndipo haki inapogeuzwa mtu bila mwenyewe kujua.

Neno zamu lingetuepusha na hilo, na ajabu ni kwamba tunalo siku zote. Limetoka katika Kiarabu, na mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kupima safari kwa vipindi vya muda wa saa tatu. Sisi tumelizoea zaidi kwa ulinzi na kwa kupokezana kazi. Mlinzi anaweza kumwachia mwenzake zamu yake ya Ijumaa, wala hakuna atakayesema kwamba mlinzi huyo amemkabidhi mwenzake mtu. Zamu ni nafasi katika mpangilio. Inaweza kuachwa, kubadilishwa au kuahidiwa, na atakayeijaza anaweza asijulikane mpaka siku yake ifike, au asifike kabisa. Mwaka 1936 mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger, ambaye hakucheza hata mechi moja katika ligi ile. Mwaka 1947 wa kwanza alikuwa Clifton McNeely, aliyechaguliwa na Pittsburgh Ironmen. Naye hakucheza. Akaenda kuwa kocha wa shule, na timu iliyomchagua ikafungwa kabla msimu haujaanza. Drafti zote mbili zilianza na zamu iliyotumika kikamilifu bila kuzaa mchezaji.

Tofauti hii ina uzito hata nje ya lugha, kwa maana zamu na mtu haviendi kwa sheria moja. Zamu haiumii bega, hailipwi mshahara mpaka itumike, na haihesabiwi katika mizani ya mishahara ambayo timu nyingi hulazimika kuisawazisha zinapobadilishana wachezaji. Zamu hiyo inaweza kuwa ya miaka saba mbele. Kwa kuwa mchezaji hutakiwa kutimiza miaka 19 katika mwaka wa drafti, miongoni mwa watakaogombewa kwa zamu ya 2030, iliyokuwamo katika biashara ya Bane, wamo vijana ambao siku ile walikuwa na miaka 14. Juu ya yote, thamani ya zamu ya timu nyingine hupanda kadiri timu hiyo inavyoshindwa, kwa hiyo anayeipokea ameweka dau juu ya hali ya baadaye ya mwenzake.

Biashara ya Boston Celtics na Brooklyn Nets ya mwaka 2013 huelezwa mara nyingi kama ushindi wa chipukizi dhidi ya wakongwe, na maelezo hayo si sahihi. Boston waliwatoa Kevin Garnett, mwenye miaka 37, na Paul Pierce, mwenye miaka 35, pamoja na wengine, wakapewa zamu za raundi ya kwanza za Brooklyn za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017. Jaylen Brown alikuwa na miaka 16, Jayson Tatum 15, wala hakuna katika ofisi ya Boston ambaye angeweza kusema wakati ule kwamba hao ndio anaowataka. Walichokinunua ni uwezekano wa Brooklyn kudhoofika baada ya wakongwe wale kuishiwa nguvu. Brooklyn wakadhoofika kweli: msimu wa 2016–17 walishinda mechi 20 na kufungwa 62, rekodi mbovu kuliko zote katika ligi, huku Boston wakiongoza kanda yao ya mashariki na bado wakipata zamu ya kwanza. Hata hiyo hawakuitumia wenyewe. Waliipeleka Philadelphia, wakachukua ya tatu na nyingine ya baadaye, ndipo wakamwita Tatum. Brown alikwisha kuja mwaka mmoja kabla kwa zamu ya 2016. Ubingwa ulipatikana mwaka 2024.

Oklahoma City Thunder ni habari tofauti, ingawa huwekwa katika kapu moja na Boston. Walipompeleka nyota wao Paul George kwa Los Angeles Clippers mwaka 2019 walipewa zamu nyingi, lakini walipewa pia Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa miaka 20 aliyekwisha kucheza msimu mzima na ambaye kila mtu aliweza kumtazama. Huyo ndiye chipukizi kwa maana halisi. Zamu mojawapo ya Clippers ilikuja kumleta Jalen Williams mwaka 2022. Walipotwaa ubingwa wa 2025 vitu vyote viwili vilikuwamo uwanjani, kimoja kikiwa kimeingia kwa mlango wa mtu, kingine kwa mlango wa zamu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Memphis wenyewe, kwa sababu unahusu mchezaji mmoja aliyeuzwa na kurudishwa. Shane Battier alikuwa mlinzi mahiri, mtu asiyefunga sana lakini kila kocha angemtaka. Mwaka 2006 Memphis walimpeleka Houston, wakapata Rudy Gay, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa wa nane, pamoja na Stromile Swift. Hapo aliyethibitika alitolewa kwa ajili ya chipukizi mwenye jina, na Gay akawa mmoja wa wafungaji wao wakuu kwa miaka mingi. Kisha ikaja 2009. Memphis walikuwa na zamu ya pili. Mpaka dakika ya kuitwa jina, zamu hiyo ilikuwa na thamani ya kila kijana aliyebaki baada ya Blake Griffin, na waliobaki ni pamoja na James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Walimwita Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, mwenye kimo cha mita 2.21, aliyesifika kwa ulinzi akiwa chuo kikuu cha Connecticut. Jina lilipotamkwa zamu ile ilikoma kuwapo, ikabaki thamani ya kijana mmoja, pamoja na mzigo ambao haukuwa wake: wa kulinganishwa daima na wale ambao zamu ile ingeweza kuwaleta.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Thabeet Houston, pamoja na DeMarre Carroll na zamu moja ya raundi ya kwanza, ili kumrudisha Battier, ambaye sasa alikuwa na miaka 32. Gay alikuwa ameumia bega na hakucheza mchujo wa mwaka ule, yaani mechi za mtoano za kuwania ubingwa. Aprili, katika mechi ya kwanza dhidi ya San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya magharibi, Memphis walikuwa nyuma zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 25. Mpira ukamfikia Battier, akarusha pointi tatu, ukaingia, na klabu hiyo ikashinda mechi ya mchujo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hatimaye waliwatoa Spurs kwa mechi nne kwa mbili. Simweki Thabeet hapa ili kumdharau. Namweka kwa sababu katika habari yake mtu anaona mambo matatu yakipita mikononi mwa timu moja, zamu, chipukizi na aliyethibitika, kila kimoja kikiwa na bei yake na wakati wake.

Je, timu imtoe aliyethibitika? Kwa maoni yangu, kama mchezaji huyo atakuwa amezeeka kabla wenzake hawajakomaa, na kama zamu zinazotolewa ni za timu nyingine inayoelekea kushuka na hazina kinga, basi ndiyo, na bila kusitasita. Kinga ni sharti linaloirudisha zamu kwa mwenyewe ikiangukia nafasi za juu, na zamu yenye kinga nzito huwa imeondolewa kile kilichoifanya ipendeze. Kumtoa ili timu yenyewe ifungwe na kutegemea zamu zake yenyewe ni jambo ninalolihofia zaidi, kwa kuwa kwa mpangilio ulioanza 2019 hata timu ya mwisho kabisa hupewa uwezekano wa asilimia 14 tu wa kupata zamu ya kwanza, na mwaka 2025 iliyoipata ni Dallas Mavericks, waliokuwa na asilimia 1.8. Upande wa pili, wa kutoa zamu zote ili kupata nyota, ligi yenyewe iliuwekea mpaka baada ya Ted Stepien, aliyekuwa mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuzigawa zamu za klabu yake ovyo: timu hairuhusiwi kujiacha bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ya mbele inayofuatana.

Kuhusu Bane, ambaye mwenyewe alichaguliwa wa 30 mwaka 2020, naomba wale walioniambia habari ya chipukizi wanne waipokee hesabu hii. Moja ya zamu zile ilikuwa ya 16 katika drafti ya mwezi ule ule. Memphis waliipeleka Portland, wakaongeza ile ya Orlando ya 2028 na zamu mbili za raundi ya pili, ili wapande nafasi tano tu na kumpata Cedric Coward aliyechaguliwa wa 11. Zamu mbili kati ya nne ziliondoka kwa ajili ya kijana mmoja, na drafti ya 2025 ilipokwisha zilibaki mbili, ya 2026 na ya 2030. Basi semeni kwamba Memphis walimtoa Bane wakapewa wachezaji wawili wazoefu na zamu nne. Chipukizi mkimtaja awe Coward, aliyekuja kwa biashara ya pili.