Mto Klamath: samoni, umeme na maji ya mkulima

Samoni ni samaki anayekulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Jike akifika mahali pa kutaga, hulala ubavu na kupigapiga mkia kwenye changarawe mpaka shimo litokee. Hutaga humo, dume humwaga mbegu, kisha jike huyafukia mayai kwa changarawe nyingine. Yatakaa hapo wiki nyingi yakitegemea maji ya baridi yanayopenya kati ya mawe. Tope likiziba mianya hiyo, au maji yakipata joto kupita kiasi, mayai hufa. Kwa hiyo mradi wowote wa mtoni tunaupima kwanza kwa mambo hayo mawili, changarawe na joto la maji.

Mto Klamath, unaotoka Oregon na kuingia Bahari ya Pasifiki kaskazini mwa California nchini Marekani, ulijengwa mabwawa manne ya umeme kati ya 1918 na 1962. Changarawe ikanasa nyuma ya kuta, maji yaliyotuama yakapata joto na kuota mwani wenye sumu, na samoni wakafungiwa njia ya kwenda takribani kilomita 640 za mito ya juu. Septemba 2002, maji yakiwa machache na yenye joto, ugonjwa wa matamvua uliua makumi ya maelfu ya samoni karibu na mdomo wa mto. Kwa Wayurok, wenyeji wa asili wa mto huo wanaoishi kwa samaki huyo tangu enzi za mababu, ulikuwa msiba.

Lakini mwaka mmoja kabla, wakati wa ukame, wakulima wa sehemu ya juu ya mto ndio waliofungiwa maji ya umwagiliaji ili samaki wapone. Mashamba yalikauka. Nao wana haki ya kusikilizwa, na mtaalamu anayewaita maadui wa mazingira anaharibu kazi.

Kilichofungua njia ya kubomoa mabwawa ni hesabu. Ili leseni ya mabwawa isasishwe, kampuni iliyoyamiliki ilitakiwa ijenge njia za kupitishia samaki, na gharama yake ilizidi ile ya kuyabomoa. Umeme wenyewe ulikuwa chini ya asilimia 2 ya uzalishaji wa kampuni hiyo. Mabwawa yote manne yalibomolewa 2023 na 2024, na Oktoba 2024 samoni aina ya chinook walionekana Oregon, juu ya yalipokuwa mabwawa, kwa mara ya kwanza tangu 1912.

Mabwawa hayo hayakuwa ya umwagiliaji. Mabwawa mengine mawili, Link River na Keno, yanayoongoza maji ya mashamba, bado yapo, na ugomvi wa maji ya kiangazi haujaisha. Kazi ngumu zaidi iko kwenye Ziwa la Upper Klamath, ambako ardhioevu nyingi zilikaushwa zilimwe. Zilikuwa zikichuja fosforasi, kirutubisho kinachootesha mwani, kabla haijafika ziwani. Kuzirudishia maji kunamgharimu mkulima sehemu ya shamba, na fidia yake ipangwe mwanzoni mwa bajeti, pamoja na mifereji na pampu.