Je, wajua kwa nini naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa samaki, hujazana kwenye tangi la samaki hata maji yakiwa meupe pe?

Rafiki yangu wa Mbezi Beach, Dar es Salaam, ana tangi la maji ya bahari sebuleni, lita 200, lenye samaki wanne. Maji yake ni meupe pe. Ukikaa kwenye kochi unawahesabu samaki mapezi. Lakini alipopima, alikuta naitreti miligramu 80 kwa lita. Baharini, kwenye miamba ya matumbawe, kwa kawaida haifiki hata miligramu 1. Akawa anaosha sponji ya kichujio kila wiki, akapima tena: 80 ile ile. Akaniuliza, mbona kichujio hakiiondoi?

Haiondoki kwa sababu humo ndimo inamotengenezwa. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia ni sumu kali. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Bakteria hawa wanataka oksijeni, na kichujio kinachopitisha maji kwa kasi huwapa oksijeni tele. Naitreti haina makali ya amonia: samaki wengi huvumilia miligramu 20, hata 40, ila matumbawe hudhoofika mapema zaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo macho hayawezi kukuambia lolote.

Baharini kazi haiishii hapo. Nenda kwenye mikoko ya Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, ukanyage tope. Vidole vichache tu chini, tope ni jeusi na harufu ya yai viza inakupanda puani. Wengi hukimbia, mimi tope lile naliheshimu sana. Mle ndani hamna oksijeni, na wamo bakteria ambao wakiikosa huichomoa ile iliyofungwa ndani ya naitreti. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ile ile inayofanya asilimia 78 ya hewa tunayovuta, nayo hupanda juu ikaenda zake. Tangi letu la kioo, lenye kokoto chache na pampu kali, halina pembe hata moja isiyo na oksijeni. Ndiyo maana naitreti ikishaingia haina pa kutokea.

Unaweza kulitengenezea pembe hiyo. Mawe yenye vitundu vidogo vidogo huwa na oksijeni juu, lakini ndani kabisa haifiki. Mchanga laini wenye kina cha sentimita 10 na zaidi hufanya kazi hiyo hiyo, mradi usiuchimbue: gesi ya yai viza iliyojificha chini ikitoka kwa ghafla inaweza kuua samaki. Na mawe tafadhali yasiwe matumbawe ya Mbudya au Bongoyo. Visiwa hivyo ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe yake yana kazi yake pale pale yalipo.

Wengi hukimbilia kubadilisha maji, na ni vizuri, lakini hesabu yake inawapita. Tuseme samaki wako wanaongeza miligramu 10 kwa lita kila wiki, na kila wiki unatoa maji asilimia 20, unaweka mapya yasiyo na naitreti. Kutoka 80 utashuka hadi 72, kisha karibu 66, kisha 60, lakini ukiendelea hata miaka miwili hutavuka 40 kwenda chini. Ikifika hapo, unachotoa kinalingana na kinachoingia. Punguza kinachoingia kiwe 5 kwa wiki, na kikomo chako kinakuwa 20. Kwa hiyo mkono unaolisha una nguvu kuliko ndoo inayobadilisha. Kama unalisha uduvi wa barafu kutoka soko la samaki la Feri, uyeyushe, umwage maji yake, uusuuze, ndipo utie kidogo kidogo. Kisichoisha ndani ya dakika chache kilikuwa kingi mno.

Kwa rafiki yangu kulikuwa na mlango mwingine, nao ndio ulionishtua. Kwa joto la Dar tangi lake hupoteza kama lita 2 kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi na naitreti hubaki. Alikuwa anajazia maji ya kisima. Tukakipima kisima: miligramu 40. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 50 kwa maji ya kunywa, kwa hiyo kwa kipimo hicho binadamu angeyanywa. Lakini lita 2 kwa siku ni miligramu 80, na kwenye lita 200 hiyo ni nyongeza ya miligramu 12 kwa lita kila mwezi, kabla samaki hajala chochote. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na naitreti inabaki. Sasa anajazia maji yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia sehemu kubwa ya naitreti.

Ameongeza pia mwani. Kwenye ndoo ya pembeni yenye taa, maji ya tangi yakizunguka humo, mwani unakula naitreti ili ukue, na kila baada ya wiki mbili anavuna konzi moja. Ukiwahi kuona mashamba ya mwani ya Paje au Jambiani, Zanzibar, unajua mwani unavyokua upesi ukipata mwanga na maji yanayotembea. Kinachovunwa lazima kitoke kabisa, kwani mwani ukifia ndani ya ndoo na kuoza, naitreti yote uliyoibeba inarudi majini.